Mawe ya Ng'ombe Sitini

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye na kiti akalie ulimi wake, maana hadithi hii haitaki mtu wa kuikata katikati. Nafasi ya kugombana mtaipata mwisho, tena tele.

Katika kijiji cha Endaqara, juu huko Mbulu ambako ukungu wa asubuhi huja kulala mlangoni na mtu hutoka nje na blanketi begani, waliishi watu watatu. Kila mmoja alikuwa amepewa chake.

Bibi Veneranda alipewa masikio. Alikuwa mjane, mkulima wa maharage, na redio yake ya betri ilining'inia shingoni kwa kamba kama njuga ya ng'ombe. Alichokisikia hakikumtoka. Ungemuuliza bei ya mbolea ya miaka saba iliyopita angekutajia, na angekutajia pia waziri aliyeahidi kuipunguza.

Emiliana alipewa miguu. Alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Gwandu mwenye ng'ombe wengi. Alipokuwa shule alishinda mbio hadi mkoani, akarudi na beseni na ndoo mbili za zawadi. Vijana wakimtania ni mume gani atakayeweza kumkuta, alijibu, "Atakayenifikia." Hadi siku hizo hakuna aliyekuwa amemfikia.

Margwe alipewa mikono. Alichimba visima, vyoo, misingi na makaburi. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa akiitazama ardhi tu, akaigonga kwa kisigino, akakwambia chini kuna mwamba au kuna mchanga. Lakini mikono hiyo haikuwa na cha kukamua. Ukame wa mwaka juzi ulichukua ng'ombe wake watatu, na wa mwisho alikufa amelalia mlango wa zizi. Na Endaqara, ndugu zangu, mtu asiye na ng'ombe husalimiwa vizuri tu, ila haulizwi neno. Mkewe, Leokadia, kila asubuhi alikuwa akipita kwa majirani na kikombe cha bati, akiomba maziwa ya mtoto. Hakuna aliyemnyima. Lakini kikombe cha kuomba ni kizito kuliko ndoo ya maji, na Margwe alikuwa akiutazama mgongo wa mkewe ukishuka njiani, akageuza macho.

Basi tumfuate Margwe, maana ni yeye aliyebeba kilicho kizito zaidi.

Juu ya malisho ya kijiji palikuwa na rundo la mawe, kimo cha mtu, upana wa nyumba mbili. Waliliita Ng'ombe Sitini. Zamani za mababu, ng'ombe sitini walikufa kwa siku tisa. Wakazikwa pale pamoja na ngozi zao, bila mtu kukata hata mkia, wakafunikwa mawe. Ikawa ada: apitaye huongeza jiwe, na hakuna anayeondoa. Kwa nini? Wajukuu hawakuambiwa kwa nini. Waliambiwa ada, basi. Hivyo ndivyo wazee hutuudhi: wanatuachia kufuli, wanazikwa na ufunguo.

Chini kidogo ya hapo palikuwa na korongo. Kila masika lilimega shamba la Bibi Veneranda, leo mstari mmoja wa maharage, kesho miwili. Bibi akamwomba Margwe alizibe kabla ya mvua. Margwe akapima kwa macho: yanatakiwa mawe mengi, na mto uko mbali. Rundo liko hatua mia mbili.

Alingoja siku ya mnada, kijiji kizima kilipokwenda kuuza na kununua. Akachukua toroli. Alilimega rundo upande wa chini, ambao watu wapitao njiani hawauoni, akaenda na kurudi mara arobaini. Mawe ni mawe, alijiambia. Kazi ikawa nzuri mno. Watu walipotoka mnadani walisimama kuitazama, wakamsifu, na mmoja akauliza ametoa wapi mawe mengi vile.

"Mtoni," alisema Margwe.

Neno moja tu, likaisha. Au alidhani limeisha.

Mvua ikanyesha, na haikuwa mvua ya kawaida. Baada ya ukame wa miaka miwili ilishuka kama iliyokuwa inadai. Korongo lilizibika kweli, shamba la Bibi halikupoteza hata shina. Lakini ule ubavu wa rundo uliobaki uchi ukaanza kumomonyoka. Maji yakapita mle ndani yalimokuwa hayajapita tangu zamani za mababu, yakatoka na udongo mweusi, yakautandaza malishoni. Wiki mbili baadaye nyasi za pale zilikuwa za kijani kuliko mahali pengine popote.

Wa kwanza kuzila alikuwa ng'ombe wa maziwa wa Mzee Gwandu. Asubuhi alikuwa mzima, adhuhuri akaanguka. Tumbo lilivimba, puani ikatoka damu nyeusi isiyoganda. Mzee alisikitika, lakini alikuwa amepita njaa nyingi mno, hakuweza kumtupa ng'ombe mzima. Akaamuru achunwe na nyama igawiwe nyumba kwa nyumba, na Margwe naye akapelekewa mbavu. Na kwa kuwa ukoo wa Mzee una ada yake, kwamba mtoto aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe huvishwa kikuku cha ngozi ya ng'ombe huyo anapokufa, ili waagane, basi mjukuu wake Natalia, mtoto wa miaka sita, akafungwa kikuku cha ngozi mbichi mkononi.

Siku ya nne wakafa ng'ombe watatu. Siku ya tano wengine watatu. Na chini ya kikuku cha Natalia pakatokea kipele kama cha mbu. Hakikuuma. Kikapasuka, kikafanya kidonda, katikati yake cheusi kama kaa lililozimika. Mkono ukavimba hadi begani na homa ikapanda. Wengine walisema buibui, wengine wakataja jina la jirani. Mzee Gwandu akaweka nadhiri mbele ya watu: "Mjukuu wangu akiinua mkono huu akanisalimia, aliyemwokoa ataondoka na mtamba wangu mwekundu, na mimba yake tumboni."

Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Masikio. Bibi Veneranda alifika alfajiri na redio yake kifuani, akakitazama kidonda, akataka kila mtu anyamaze. Akasimulia habari aliyoisikia mwanzo wa mvua. Kaskazini kabisa mwa dunia iko nchi ambayo udongo wake umeganda mgumu kama jiwe, tangu mababu hadi wajukuu. Siku hizi joto limezidi, udongo ule unalainika, na mizoga iliyozikwa humo miaka sabini nyuma imefunguka. Ugonjwa uliolala nayo ukaamka. Ukaua wanyama wao wenye pembe za matawi kwa maelfu, ukaua na mtoto. Jina lake ni kimeta. Mzee Gwandu, kwa uchungu wake, alimkemea.

"Bibi, hapa Endaqara barafu iko wapi?"

"Barafu haipo, baba. Ardhi ipo."

Akawaambia wasichune tena, wasimguse mnyama aliyekufa, wakikate kikuku kwa mkasi wakichome moto, na tabibu aitwe siku hiyo hiyo. Kama si masikio ya Bibi, Natalia angepakwa dawa ya buibui na kungojwa apone.

Miguu. Mvua ilikuwa imebeba daraja na mnara wa simu ulikuwa kimya siku ya tatu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya safu ya milima, mwendo wa siku nzima kwa mtu wa kawaida. Emiliana alifunga kitenge kiunoni, akavua viatu ili asiteleze, akaondoka. Alipanda palipomeguka, akavuka mto maji yakimfika kwapani, akaingia zahanati kabla foleni ya wagonjwa wa asubuhi haijaisha. Tabibu na daktari wa mifugo walipanda pikipiki hadi darajani. Kutoka hapo aliwapitisha njia za mbuzi, sanduku la dawa kichwani kwake, akisimama kila kilimani kuwangoja na kuwauliza kama mjini huwa wanatembea au huwa wanabebwa. Jua lilikuwa bado juu ya mlima Natalia alipochomwa sindano ya kwanza. Tabibu alisema wazi kwamba angefika kesho yake, angemkuta mtoto hayupo. Kama si miguu ya Emiliana, maneno ya Bibi yangebaki maneno.

Mikono. Ng'ombe sita walikuwa wamelala malishoni wakivimba, na mbwa na tai walikwisha kuwazunguka. Daktari wa mifugo akaeleza kwamba wakipasuka, mbegu za kimeta zitaingia udongoni na kukaa humo umri wa mtu na mwanawe, na kila nyasi ya bonde itakuwa mtego. Wazikwe bila kupasuliwa, chini kuliko kimo cha mtu, kwa chokaa na majivu. Wanaume wa Endaqara wakaitazama mizoga, wakatazamana. Margwe akachukua sururu. Alifunga mifuko ya nailoni mikononi na kitambaa puani, akachimba siku tatu, akifukuza mbwa kwa koleo. Wakafa wengine watano, akawazika hao pia. Kama si mikono ya Margwe, mtoto angeponywa leo na kuugua tena mwezi ujao, na wenzake wote pamoja naye.

Lakini kuna jambo la siku ya kwanza ya kuchimba ambalo Margwe hakulisahau. Daktari wa mifugo alipanda hadi penye rundo, akalizunguka, akarudi na uso mwingine. Akauliza, "Upande wa chini wa lile rundo palikuwa na mawe. Nani ameyaondoa?"

Margwe alikuwa amesimama shimoni, kichwa tu kikionekana. Mtu mmoja alijibu kwamba labda ni mvua. Daktari akaandika mvua. Bibi Veneranda akainama kurekebisha redio yake, ingawa ilikuwa imezimwa. Margwe akaendelea kuchimba.

Daktari alisema ugonjwa umetoka humo, akaagiza rundo lifunikwe upya na kuzungushiwa uzio. Margwe alijitolea peke yake. Hakugusa mawe ya korongoni. Alishuka na toroli hadi mtoni, akapanda nayo, mara arobaini, na nyingine ishirini juu yake. Safari hii mawe yalitoka mtoni kweli. Watu walimletea uji, wakamwambia hakuna kama yeye, na kila sifa ilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Kipele kilipomtokea kwenye kifundo cha mkono alikificha siku mbili. Aliona ni haki yake. Leokadia ndiye aliyekiona, akamkokota kwa tabibu kama mbuzi, akimuuliza njia nzima anamwachia nani mtoto.

Mvua zikapungua. Waliokula na waliogusa ile nyama walimezeshwa vidonge, ng'ombe waliobaki wakachanjwa. Jumapili moja baada ya misa, Mzee Gwandu akaita watu uani kwake. Natalia akatoka ndani, akainua mkono hadi juu, akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia marahaba. Aligeuka, akafungua kamba ya mtamba mwekundu, akauliza aliyemwokoa ni nani.

Hapo mkutano ukawa soko. Waliomtaka Bibi Veneranda walisema miguu na mikono hufuata masikio. Kijana mmoja akamjibu mzee wake kwamba masikio yasiyo na miguu ni redio, na redio haikamui. Waliomtaka Emiliana waliambiwa mtamba atakuwa ametoka mkono wa kulia wa Mzee Gwandu kuingia wa kushoto. Emiliana mwenyewe akasema ukimtuma mtu, usimwambie baadaye kwamba alitumwa tu. Mwishowe sauti nyingi zikaegemea kwa Margwe. Hawakusema sana kuhusu shimo. Walisema yule bwana hana hata ndama, na amezika ng'ombe kumi na mmoja wa wenzake. Leokadia alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, kikombe cha bati mkononi, maana alikuwa amepitia maziwa kabla ya misa. Alikuwa anatabasamu. Margwe hakuwa ameliona tabasamu lile tangu ukame.

Mzee Gwandu akamwekea kamba mkononi.

Ilikuwa kamba ya katani, ya moto kwa jua. Mtamba akamnusa begani. Margwe alijua kwamba akifunga mdomo, kesho kikombe kile kitajaa nyumbani kwake, na daktari amekwisha kuandika mvua. Alihesabu moyoni hadi tatu, akarudia. Kila alipofika tatu, aliuona mkono wa Natalia, na kovu lake la duara, jeusi, kama alama ya kitako cha sufuria.

"Mawe ya korongoni hayakutoka mtoni," alisema.

Wengine hawakuelewa, wakaulizana. Akaeleza yote: mnada, toroli, mara arobaini, neno alilolisema. Hakujipamba. Hakusema alikuwa hajui, ingawa alikuwa hajui. Alipomaliza, Leokadia alifunika kikombe kwa kiganja. Mwanamume mmoja aliyepoteza ng'ombe wawili akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu alitaka kupewa zawadi ya kuzima moto aliouwasha mwenyewe. Mzee Gwandu akaishika kamba, akaanza kuivuta.

Bibi Veneranda akainuka. Alizungumza polepole, akiwa ameifumbata redio. Siku ya mnada hakwenda mnadani, miguu ilimuuma. Alikaa mlangoni akamwona Margwe na kila toroli yake. Aliijua ada ya mawe kuliko yeyote pale. Na habari ya nchi ya barafu alipoisikia, mvua ya kwanza ilikuwa inagonga bati, na wazo lilimjia palepale. Akalinyamazisha. Angesema, mawe yangerudishwa, na korongo lingekula shamba lake.

"Maharage yangu mliyasifu," alisema. "Basi haya yaliyotupata ndiyo bei yake."

Watu wakaanza kunung'unika kwamba basi amebaki mmoja, asiye na doa, Emiliana apewe mtamba watu wakale. Emiliana alikuwa amechuchumaa nyuma ya Natalia, akimsuka nywele. Hakuinua macho.

"Kikuku nilimfunga mimi," alisema. "Alilia kwamba kinanuka. Nikakikaza."

Mzee Gwandu akaacha kuivuta kamba. Kama alikumbuka ni nani aliyeamuru ng'ombe yule achunwe, hakusema. Ila alikaa chini, hakukaa kwenye kiti chake.

Ugomvi uliofuata unaendelea mpaka leo, na mimi nitawapa maneno yake tu, sitawapa kauli ya mwisho. Wako wanaosema apewe Margwe: wote watatu walikosa, lakini yeye peke yake alisema kweli akiwa na kamba mkononi, na ukimnyang'anya, Endaqara hakuna atakayekiri tena, hata wizi wa kuku. Wako wanaosema huo ni upuuzi: bila toroli yake kusingekuwa na mtoto wa kuokolewa, na kweli iliyochelewa siku zote zile si zawadi, ni deni. Wako wa Bibi: hakuondoa jiwe hata moja, na bila yeye hakuna hata mmoja ambaye angeujua ugonjwa. Wenzao huwajibu kwamba Margwe alikosa bila kujua, Bibi alinyamaza akijua. Wako wa Emiliana: aliyefuata ada ya nyumba kwa mapenzi hana kosa. Lakini mwulizeni Emiliana. Yeye ndiye anayekataa. Na asithubutu mtu kuniambia agawanywe. Mtamba mwenye mimba hagawanyiki, na nadhiri isiyolipwa Mzee Gwandu anaiogopa kuliko kimeta.

Wakiwa katika kelele hizo, hakuna aliyeitazama kamba. Ilikuwa imeanguka chini. Mtamba mwekundu akaanza kuondoka zake, akinusa upepo, akielekea juu, kule penye uzio, ambako nyasi ni za kijani kuliko mahali pengine popote. Natalia alichomoka mikononi mwa shangazi yake, nywele nusu zimesukwa, akamkimbilia, akaikamata kamba kwa mkono ule ule wenye kovu. Akamgeuza. Akamrudisha hadi katikati ya ua, akasimama mbele ya wale watatu, akawatazama mmoja mmoja.

"Babu," aliuliza, "nimpe nani?"

Mtoto bado amesimama hapo, na mtamba anaivuta kamba. Haya, ninyi mliokuwa na haraka ya kusema: mwambieni.